Karatasi Iliyosema Zacheus Hakuzaa

Nilifundisha Kiingereza miaka thelathini na mmoja katika shule za msingi za upande huu wa Kipkelion, na ile karatasi iliyotaka kuwafuta watoto wa jirani yangu niliisoma mimi, kwa miwani yangu, mchana, nikasema iko sawa. Naanza na hilo kwa sababu watu wakisimulia habari za Wakonyo siku hizi hunionea huruma na kuniruka. Husema shemeji yake alimdanganya. Alimdanganya, ndiyo. Lakini alipitia mdomoni mwangu, na hilo linaniudhi mpaka leo.

Wakonyo aliolewa hapa mwaka wa 1994. Mume wake, Zacheus Muchiri, alikuwa mtu mrefu wa maneno machache. Baba yake Zacheus ndiye aliyetoka Nyandarua akanunua ekari tano huku juu. Mzee alipofariki, ekari tatu zikawa za Zacheus na mbili za mdogo wake, Kinuthia. Kinuthia ndiye aliyefuata karatasi zote za mzee mahakamani, maana alikuwa amesoma mpaka chuo. Kisha akauza ekari zake mwaka uleule, akafungua duka la vifaa vya ujenzi mjini Kericho. Zacheus na Wakonyo wakabaki na udongo.

Chai yote iliyo kwenye shamba lile ni ya mikono ya Wakonyo. Aliipanda mche kwa mche mwaka wa 2001 akiwa na mimba ya Shirley, binti yake wa pili. Wa kwanza, Jecinta, alikuwa na miaka mitano, na kazi yake ilikuwa kumshikia mama yake kamba ya kunyooshea mistari. Wakati wa vurugu za uchaguzi za 2008 walikimbia wote wanne, wakalala kwenye hema miezi mitatu. Waliporudi walikuta nyumba imebaki kuta na chai imeota kupita kichwa cha mtu. Wakonyo aliingia na panga akaanza kuikata kabla hata ya kutafuta mabati ya kuezeka.

Mimi ni mtu wa ziwani. Nililetwa huku na ualimu, nikanunua ploti iliyopakana na yake, na kati yetu kuna ua wenye pengo la kupitia mtu mmoja. Tumeishi kwa Kiswahili, maana yeye hajui Kijaluo na Kikuyu changu ni cha salamu tu. Aliacha shule darasa la sita. Biblia ya Kikuyu anaisoma bila kukwama, lakini Kiingereza chake ni cha yale maneno tuliyokwisha kuyafanya yetu, na hakuna tulilolifanya letu kuliko ishu. Ng'ombe akikataa majani, kuna ishu. Lori la chai likichelewa, dereva ana ishu. Ukimkanyaga mtu kanisani ukamwambia pole, atakujibu hakuna ishu. Hata Wakipsigis wazee wanaokuja kwetu kununua maziwa, na ambao Kiswahili chenyewe huwasumbua, neno hilo wanalo.

Zacheus alifariki Machi 2021. Alipeleka chai kwenye kituo cha kuuzia, akakaa kwenye benchi kusubiri lori, akaegemea nguzo, na lori lilipofika hakuamka. Ilikuwa presha. Kwenye mazishi Kinuthia ndiye aliyesoma maisha ya marehemu. Aliyasoma kwa Kikuyu, kisha kwa Kiingereza kwa ajili yetu wageni, akawataja wasichana wote wawili kwa majina na kuwaweka mkono begani. "Kuanzia leo," alisema, "hawa ni watoto wangu." Watu walilia. Mimi pia.

Mwezi wa nane akaja na mtu aliyevaa tai, karani wa wakili fulani wa mjini. Wakonyo aliwapikia chai, akawakaangia mayai. Jecinta alikuwa Nakuru, ambako anafanya kazi ya maabara katika zahanati, na Shirley alikuwa chuoni.

"Mama Jecinta," Kinuthia akamwambia, "hii ni sakseshen, mambo ya mirathi. Bila hii shamba litabaki kwa jina la mtu aliyekufa. Wewe usijisumbue na mambo ya korti, nitafuata mimi kama nilivyofuata ya mzee. Weka tu sahihi hapa na hapa."

Wakonyo si mjinga. Alifuta mikono kwa aproni, akaziangalia zile karatasi, akasema, "Ngoja Mwalimu asome kwanza." Akaja kwenye pengo la ua akaniita.

Nilikaa kwenye kochi lake nikasoma. Zilikuwa kurasa nne za Kiingereza cha mawakili, kile cha sentensi inayoanza juu ya ukurasa na kumalizikia chini. Nilitafuta hila mahali ambapo mtu hutafuta hila: namba ya shamba, ukubwa, majina. Niliona jina la Wakonyo kama mjane na la Kinuthia kama ndugu. Nikauliza, "Mbona wasichana hawapo?"

"Hao wataingia kwenye karatasi ya pili, Mwalimu," Kinuthia akasema. "Ile ya kugawa. Hii ni ya kufungua faili tu."

Yule karani alikuwa akiangalia simu yake. Hakuinua kichwa.

Nikaendelea. Kifungu cha saba kilisema, kwa herufi zilezile za vifungu vingine, kwamba marehemu *died without issue*. Nilisimama hapo. Nakumbuka nilisimama, kwa sababu nilifikiri ni jambo la ajabu kuandikwa na wakili.

"Hapa wanasema Zacheus alikufa bila ishu," nikamwambia Wakonyo.

"Ishu gani?"

"Bila matatizo. Kwamba hakuacha kesi, hakugombana na mtu juu ya shamba."

"Hiyo ni kweli," Wakonyo akasema. "Zacheus hakuwa na ishu na mtu."

Kinuthia alipiga makofi mara moja. "Mnaona faida ya kukaa karibu na mwalimu wa Kiingereza!"

Nilitabasamu. Nilifurahi, kusema kweli. Tangu nistaafu ilikuwa muda mrefu mtu hajanisifu kwa Kiingereza. Wakonyo akaandika jina lake mara mbili, polepole, ulimi ukichungulia pembeni mwa mdomo. Kinuthia akazikunja karatasi, akamwachia nakala moja, akamalizia mayai yake.

Ikapita miezi sita. Februari, siku ya Ijumaa, Wakonyo alikuwa akichuma chai ya upande wa chini aliposikia chuma kikigongwa. Aliteremka na kikapu mgongoni akakuta sarveya na vijana wawili wanachomeka vigingi katikati ya mistari yake. Kinuthia alikuwa amesimama na mtu mwenye kofia pana, mgeni, ambaye alikuwa akivunja tawi la chai na kulinusa.

Wakonyo alinieleza maneno yale baadaye, na nimemwuliza mara nyingi, hayabadiliki.

"Shemeji, hawa ni nani?"

"Mama Jecinta, nilikuwa nikuone baadaye. Huyu bwana anapenda hii sehemu ya chini. Wewe usiwe na wasiwasi, nyumba haiguswi. Una haki ya kukaa pale mpaka Mungu akuite."

"Na Mungu akiniita?"

"Basi shamba linarudi kwa familia."

"Familia ni nani kama si Jecinta na Shirley?"

Kinuthia alimgeukia yule mgeni kwanza, kama mtu anayeomba radhi kwa kelele, ndipo akamjibu. "Mama Jecinta, kisheria marehemu hakuwa na watoto. Uliweka sahihi wewe mwenyewe. Kama huelewi, muulize Mwalimu, si alikusomea?"

"Unaniita mama wa nani?" Wakonyo akamwuliza.

Kinuthia akamgeukia tena yule mgeni.

"Nimekuuliza, Kinuthia. Kila siku tangu 1996 unaniita Mama Jecinta. Unaniita mama wa nani?"

Sarveya aliacha kugonga. Kinuthia akasema warudi siku nyingine, mama ana uchungu wa mume, na wakapanda kwenye gari lao wakaondoka. Wakonyo akang'oa vigingi vyote kumi na viwili kwa mikono, akavirundika barabarani. Halafu akapita kwenye pengo la ua. Nilikuwa nikianika mahindi. Alisimama mbele yangu na ile nakala, imepasuka pembeni kwa jinsi alivyoishika.

"Mwalimu, soma tena."

Sikumbuki kama amewahi kuniongelesha kwa sauti ile. Wakonyo hapigi kelele akikasirika. Sauti hushuka, na unalazimika kumsogelea ili umsikie.

Nilisoma tena. Nilipofika kifungu cha saba nikaingia ndani nikatoa kamusi yangu kubwa, ile niliyopewa na shule nilipostaafu, ambayo nilikuwa nimeitandikia kitambaa na kuweka redio juu yake. Nikaifungua mezani, yeye amesimama nyuma yangu.

Neno lilikuwa na safu nzima. Jambo la kujadiliwa. Tatizo. Toleo la gazeti. Kutoa, kama serikali inavyotoa kitambulisho. Kutoka, kama damu inavyotoka kwenye kidonda. Yote hayo niliyajua, na mengine niliyafundisha. Niliwahi kuwaandikisha darasa la saba sentensi kumi za neno hilo. Na chini kabisa, baada ya alama ndogo inayoonyesha lugha ya sheria, mstari mmoja tu: watoto, uzao wa mtu.

Nilimwambia.

Wakonyo aliinama mezani. Kisha akaweka kidole chake chenye utomvu wa chai kwenye ule mstari. "Ni hapa?"

"Ndiyo."

"Kwa hivyo watoto wangu wako huku chini kabisa, baada ya gazeti na kidonda."

"Mama Jecinta, sikujua. Naapa sikujua."

"Ulifundisha Kiingereza miaka thelathini."

"Thelathini na mmoja."

"Na hukujua."

Nilitaka anitukane. Hakunitukana. Alikunja karatasi akatoka, na kwa siku nne hakupita kwenye lile pengo. Siku hizo nne sikuwa na raha. Nilimkasirikia Kinuthia, maana sasa nilielewa yale makofi. Aliketi pale na kijiko mkononi akiniangalia nikilikaribia lile neno, akaona nimelipita, akanisifu. Nilimkasirikia yule karani na simu yake. Nikawakasirikia hata waliotuletea lugha yenye neno moja kwa kero na kwa mtoto wa mtu, na sisi tuliolichukua nusu na kuliweka mdomoni kama peremende. Na hasira zote zikizunguka zinarudi kwangu. Mtu asiyejua kusoma angeuliza. Mimi nilijibu.

Siku ya tano Wakonyo alikuja amevaa koti lake la kanisani. "Twende kwa naibu wa chifu," akasema. "Wewe utaongea Kiingereza kikihitajika. Safari hii ukikuta neno hulijui, sema hulijui."

Naibu wa chifu ni Mkipsigis mmoja mwenye haraka, mtu mzuri lakini mwoga wa mizozo ya mashamba, na kwa historia yetu huku simlaumu sana. Alisikiliza akiwa amesimama, ufunguo wa pikipiki mkononi.

"Mama, pole. Lakini hii ni ishu ya familia. Mimi siwezi kuingilia ishu za familia."

"Ndiyo!" Wakonyo akasema, na hapo ndipo nilipomsikia akipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Ni ishu ya familia! Ni issue ya Zacheus! Wanaitwa Jecinta na Shirley, wewe mwenyewe uliwaandikia barua za kupata vitambulisho! Wameandikwa hawapo, na wewe unaniambia huingilii?"

Watu waliokuwa kwenye foleni nje walichungulia. Naibu aliweka ufunguo mezani akakaa. Akaomba aone ile karatasi, akaisoma mara mbili, akakuna kidevu. Kisha akafungua kabati akatoa faili la nakala za barua zake. Barua ya Agosti ilikuwemo, ile ya kutambulisha familia ya marehemu Zacheus Muchiri. Ilikuwa na majina matatu: mjane, na mabinti wawili.

"Mimi niliandika hivi," akasema, na sasa hasira ilikuwa imempata yeye pia. "Mimi nilimpa Kinuthia barua ya watu watatu. Hiyo ya korti ilitoka wapi?"

Akatugongea nakala muhuri bila kuulizwa.

Jumatatu tulikuwa mahakamani Kericho, sisi wanne. Jecinta alikuwa ameomba ruhusa kazini na Shirley ametoka chuoni. Jecinta anafanana na baba yake, mrefu na mkimya. Shirley hakukoma kulia njiani, na mama yake alimwambia, "Machozi yafute hapahapa. Ukiingia ndani wataona mtoto, na wewe una miaka ishirini."

Masjala ya mahakama ina dirisha dogo lenye vyuma. Tulisimama kwenye foleni kutoka saa mbili mpaka saa nne na nusu. Mwanamke wa ndani ya dirisha alikuwa amechoka, na tulipofika mbele hakututazama.

"Ishu yenu ni gani?" akauliza.

Wakonyo alitoa mfukoni vyeti viwili vya kuzaliwa akavisukuma chini ya vyuma. Kisha akamshika Jecinta mkono, akamshika Shirley mkono, akawavuta mbele yake mpaka nyuso zao zikajaa lile dirisha.

"Ishu yangu ni hawa wawili," akasema. "Korti yenu imeandika hawakuzaliwa."

Yule mwanamke aliinua macho. Aliwatazama wasichana, akatazama vyeti, akatazama namba ya faili niliyomwandikia kwenye kipande cha karatasi. Aliondoka. Aliporudi na faili alikuwa analisoma huku akitembea, na alipofika kifungu cha saba nilijua, kwa sababu alisimama.

"Huyu aliyeapa hapa ni nani?"

"Mdogo wa mume wangu."

"Anajua hawa watoto?"

"Aliwashika begani kwenye kaburi la baba yao."

Alivuta pumzi. Akatueleza polepole, kwa Kiswahili, bila neno lolote la kuficha. Kinuthia alikuwa amepewa usimamizi wa mirathi, tangazo lilitoka katika toleo moja la gazeti rasmi la serikali ambalo hakuna mtu wa kijijini kwetu anayelisoma, na siku za kupinga zilipita. Lakini mgao ulikuwa bado haujathibitishwa, kwa hiyo hakuwa na ruhusa ya kuuza hata shina moja. Tungeweza kuomba usimamizi wake ufutwe. Akatupa fomu. Halafu akauliza swali lililotuokoa, ingawa sidhani alijua lina uzito huo.

"Shamba lenyewe lilitoka kwa nani?"

"Kwa baba mkwe wangu," Wakonyo akasema. "Kinuthia ndiye aliyefuata karatasi zake pia."

"Basi ombeni na faili hilo la mzee, mlisome lote."

Jecinta ndiye aliyelisoma. Lilikuwa limejaa vumbi na kamba yake imekatika. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikiogopa kusoma chochote. Alikuja na ukurasa mmoja akaniwekea mapajani.

"Mwalimu, hapa anasema nini?"

Kilikuwa kiapo cha Kinuthia cha mwaka wa 2009. Kilisema marehemu baba yake *left the following issue*, na chini yake majina mawili yenye namba: Zacheus Muchiri, Kinuthia Muchiri. Na sahihi yenye mkia mrefu, ileile iliyo kwenye kiapo kipya.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa saba. Kinuthia alikuja na suti ya kijivu na wakili mpya. Yule karani wa tai hakuonekana, na tuliambiwa aliacha kazi pale zamani. Hakimu alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya taratibu. Tuliomba kesi iwe kwa Kiswahili, akakubali.

Kinuthia hakukana wasichana. Alikuwa mjanja kuliko hapo. Alisema karatasi ziliandaliwa na karani, yeye ni mfanyabiashara tu, na lile neno alilielewa kama Wakenya wote wanavyolielewa. "Nilidhani linamaanisha shida, mheshimiwa. Hata jirani wa shemeji yangu, mwalimu wa Kiingereza wa miaka mingi, alilisoma vivyo hivyo mbele yetu. Kama mwalimu hakujua, mimi wa misumari na simiti ningejuaje?"

Watu wengine walicheka. Mtu huyu alikuwa ametumia ujinga wangu kuiba, na sasa anautumia tena kujificha.

Niliitwa. Niliapa. Wakili wake akaniuliza kama ni kweli.

"Ni kweli," nikasema. "Nililisoma nikasema ni matatizo. Nilikosea. Wanafunzi wangu wako kila mahali kwenye wilaya hii, na wote niliwafundisha nusu ya neno hilo. Lakini nilipomwuliza Kinuthia mbona wasichana hawapo, alinijibu wataingia kwenye karatasi ya pili. Mtu asiyejua kifungu cha saba kinasema nini alijuaje kwamba kuna jambo la kueleza?"

Wakili akasema niliombwa jibu fupi. Hakimu akasema amesikia.

Kisha Jecinta akatoa ukurasa wa 2009. Hakimu aliusoma, akampelekea Kinuthia mwenyewe, akamwomba asome kwa sauti. Kinuthia alisoma. Alipofika kwenye lile neno akalimeza, hakimu akamwambia arudie, akarudia.

"Hapa lina maana gani?" hakimu akauliza.

Kinuthia alimtazama wakili wake. Wakili alikuwa anaandika kitu.

"Baba yako aliacha matatizo mawili, na wewe ni la pili?"

Safari hii hakuna aliyecheka, maana hakimu hakuwa anatania. Kinuthia akasema, kwa sauti ambayo ilibidi tuiname mbele kuisikia, "Watoto, mheshimiwa."

Uamuzi ulisomwa wiki tatu baadaye. Usimamizi wa Kinuthia ulifutwa. Wakonyo na Jecinta wakawekwa kuwa wasimamizi, na majina ya mjane na mabinti wawili yakaandikwa. Hakimu alisema kiapo kile kinastahili kuchunguzwa na polisi. Hakijachunguzwa. Nimefuatilia mara mbili kituoni na kuambiwa faili bado linatafutwa. Kinuthia yuko dukani kwake, anauza misumari, na Jumapili anasimama mbele ya kanisa kusoma matangazo. Watu wanamwamkia, kwa kuwa ana simiti na wao wanajenga.

Mwezi mmoja baada ya uamuzi alikuja kwa Wakonyo na wazee wawili wa kanisa. Nilikuwepo, tulikuwa tunapukuchua mahindi. Wazee walisema waliumia kuona familia ya Kikristo imefika kortini. Kinuthia akavua kofia akasema, "Mama Jecinta, yaliyopita tuyaache. Shetani alinipitia."

Wakonyo aliendelea kupukuchua. "Shetani hana sahihi," akasema. "Wewe unayo, na nimeiona mara mbili. Waombe radhi wao. Jecinta yuko ndani. Shirley atakuja Ijumaa."

"Wao ni watoto, Mama Jecinta. Nimekuja kwako mkubwa."

"Basi hujajua bado ulimkosea nani."

Mzee mmoja akamkumbusha kwamba Bwana anataka tusamehe. Wakonyo akamjibu kwa Kikuyu, na mzee akainuka kitini. Sikuuliza maana yake. Waliondoka bila kupewa chai, na katika nyumba ya Wakonyo hilo halijawahi kutokea, hata miezi ile ya kurudi kutoka hemani, ya mabati mapya na vikombe viwili.

Mimi alinisamehe, au tuseme aliniacha nirudi. Hakusema neno la msamaha. Alikuja siku moja na sufuria ya maziwa akakaa. Lakini tangu hapo, barua ikija kutoka kiwandani au chuoni, hunipa niisome, kisha humpigia Jecinta simu na kumsomea tena neno kwa neno, mimi nikiwa nimekaa palepale. Huwa nafumba macho nikisikiliza. Ana haki.

Jecinta aliacha ile zahanati ya Nakuru akapata kazi hapa karibu. Wiki hii yeye na mama yake wanakata chai ya upande wa chini, ile inayofaa kupunguzwa kila baada ya miaka michache, na tangu asubuhi nasikia mapanga yao. Mama huenda haraka. Binti humwambia apumzike asije akapatwa na presha kama baba, na mama humwambia ashike mstari wake.